Kwa Nini Msimulizi Huitikiwa

Mmekuja na madaftari yenu kuniuliza vitu visivyokuwapo hutoka wapi hadi vikaingia kichwani mwa mtu: majitu, ndege wanaosema, miji iliyo chini ya maji. Mimi sikusomea mambo hayo. Nitawaambia kama nilivyoambiwa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mfinyanzi na mtu wa maneno machache.

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa vilima vya Kivuma walisimuliana yaliyotokea tu. Mbuzi wa fulani kazaa pacha. Mto umefurika. Mgeni kapita na mzigo wa chumvi. Yakiisha hayo, walinyamaza wakaendelea na kazi. Hakuna aliyekuwa amesema jambo ambalo halijatukia, wala si kwamba lilikatazwa, ila halikumjia mtu.

Huko aliishi mjane mmoja mfinyanzi, Naghenjwa, na mwanawe wa pekee, Nambike, msichana wa miaka minane. Masika moja Nambike aliteleza kwenye mwamba akavunjika paja. Mzee Mrutu, mganga wa mifupa, aliunyoosha mfupa, akaufunga kwa vipande vya mwanzi, kisha akamwita mama mtu kando.

"Siku arobaini asijitikise," alisema. "Akijitikisa, mfupa utaunga vibaya, na huyu mtoto hatatembea tena."

Basi Naghenjwa akahamishia kazi yake ndani. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akifinyanga, huku akimsimulia mwanawe kila jambo lililowahi kutokea Kivuma. Alimsimulia harusi, misiba, nzige, ugomvi wa mipaka. Siku ya kumi na mbili yakamwishia.

"Hilo umeshaniambia, mama," Nambike alisema. "Na hilo pia."

Akaanza kulia, kujipindua na kuvuta kamba za mwanzi. Mzee Mrutu alipokuja kumtazama alipapasa paja, akatikisa kichwa, akaondoka.

Kesho yake Naghenjwa alikwenda kuchimba udongo. Mashimo yalikuwa mawili ubavuni mwa kilima: jipya, ambalo wanawake wote walichimba, na la zamani, lililoachwa tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Adhuhuri ukungu uliteremka mzito, wenzake wakarudi nyumbani. Yeye alibaki kujaza kikapu chake. Ndipo aliposikia watu wakizungumza ndani ya shimo la zamani.

Alidhani kuna mtu ameanguka. Alisogea, akainama, akaita. Hakujibiwa, lakini maneno sasa aliyasikia vizuri. Sauti moja ilieleza habari za mji ambao mvua yake hutoka ardhini ikapanda juu. Nyingine ilieleza habari za mwanamke aliyezaa ngoma, na ngoma ile ikawa inalia ikitaka kunyonya. Nywele zilimsisimka Naghenjwa. Alijua hayo hayakutokea popote. Hata hivyo alikaa pale hadi udongo ukamkaukia mikononi, maana alikuwa akimfikiria mwanawe.

Alipofika nyumbani alimsimulia habari ya ngoma. Nambike aliacha kulia. Alilala chali kimya, macho kwenye paa, hata kidole hakukitikisa. Desturi ya siku zile ilikuwa hivyo: mkubwa akisema, mtoto hafungui kinywa.

Naghenjwa akawa anakwenda shimoni kila ukungu uliposhuka. Mtoto alitulia, mfupa ukaanza kuunga. Lakini jirani yake, Namkunda, alimsimamisha siku moja njiani.

"Shoga, nimepita kwenye tope la kule bondeni. Nyayo zako za kwenda nimeziona. Za kurudi mbona hazipo?"

Naghenjwa alicheka, akasema labda mvua imezifuta. Mvua haikuwa imenyesha.

Baada ya siku chache hakuhitaji tena kwenda. Alikaa kwenye kigoda chake, akakazia macho ile pembe ya nyumba nyuma ya meko, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na sauti zikaja. Mwili wake ulibaki pale, kinywa kikisimulia. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya kilima.

Siku ya thelathini na saba aliingia mbali kuliko siku zote. Aliwakuta wameketi safu kwa safu, wengi kupita watu wa Kivuma, nyuso zao laini kama chungu ambacho hakijatiwa nakshi. Wote walikuwa wakisema kwa pamoja, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Alipofika, waligeuka. Mmoja akaanza kisa kipya.

"Palikuwa na mtoto aliyevunjika paja. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Na jina la mtoto huyo..."

Akanyamaza, kama anayengoja kusaidiwa.

Naghenjwa alielewa kwamba wakilipata jina, mtoto atakuwa wao. Atakuwa mmoja wa wale ambao hawakuwahi kuwapo. Alielewa kabisa. Lililomtisha hadi kufa kwake ni kwamba alifungua kinywa alitaje, kwa sababu kisa kilikuwa kizuri na alitaka kujua kitaishaje.

Nyumbani, Nambike alisikia kinywa cha mama yake kikisema maneno hayohayo, kwa sauti iliyokuwa kama ya watu wengi. Akageuza shingo. Mama alikuwa ametazama pembeni bila kupepesa, na nzi alikuwa akitembea juu ya jicho lake.

"Mama!" aliita. "Mama!"

Hakusikika. Kule kilimani mama walikuwa wengi mno katika visa vyote vile, na neno hilo lilipotea kati yao. Nambike hakuinuka, asije akautikisa mfupa. Aliivunja desturi, akaingia katika kisa chenyewe.

"Ehe!" alisema. "Halafu ikawaje?"

Ndani ya kilima wote wakanyamaza. Tangu kuwapo kwao hakuna aliyewahi kuwaitikia. Na katika kimya kile Naghenjwa aliijua sauti ya mwanawe, akaanza kutembea kuielekea.

"Nipo, mama. Nakusikia. Halafu?"

Kila mara mtoto alipoitikia, mama alipiga hatua nyingine. Ikawa hivyo hadi alipohisi joto la meko miguuni, akapepesa macho, nzi akaruka. Alimshika mwanawe mkono kwa nguvu.

"Usininyamazie tena," alisema. "Hata mara moja."

Siku tatu zilizobaki alisimulia kwa vituo, na kwenye kila kituo Nambike aliitikia. Siku ya arobaini Mzee Mrutu alifungua mwanzi. Mtoto alisimama. Alichechemea kidogo, lakini alitembea.

Naghenjwa hakuwaficha watu. Aliwafundisha njia ya kwenda na njia ya kurudi, na wote wakafuata, isipokuwa mtu mmoja, Kalinga. Huyo alitaka visa viwe vyake kwanza, asivisikie mtu kabla hajavimaliza, basi akaenda kukaa shambani peke yake. Walimkuta mchana mmoja ameketi kwenye gogo, midomo ikicheza bila sauti. Walimwitikia siku tatu, lakini hakuna aliyejua amefika wapi katika kisa chake, na mwitikio haukumpata. Mke wake alimlisha uji miaka tisa.

Na tangu wakati huo, msimulizi hasimulii bila kuitikiwa. Ndiyo maana pia mtu anayetunga hukazia macho mahali pasipo na kitu, na ukimwita jina lake hasikii. Ninyi mnaoandika, ambao hamna mtu kando ya kigoda, msikae sana na kisa peke yenu. Msomeeni mtu, hata kama hakijaisha, naye awaulize ikawaje.

Mimi nimezisimulia habari hizi mara nyingi, na kila mara huwa naona safu zile karibu kidogo kuliko mara iliyopita. Leo naziona hadi nyuso. Mbona mmenyamaza? Nyie watoto, acheni kuandika kwanza. Hebu mmoja wenu aitikie.