Funda la Kwanza

Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Tumezoea kuisikia methali hii mtu anapohimizwa kuweka akiba au kusoma kurasa chache kila siku, nasi tukaamini kuwa ni methali ya mambo mema peke yake. Lakini kibaba, jamani, hakina macho! Ukikitilia mtama kitajaa mtama, ukikitilia mchanga kitajaa mchanga. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Maman Thacienne wa Kamembe.

Thacienne alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na wazazi Wanyarwanda, akarudi kwao Rusizi akiwa mama wa mtoto mmoja, binti yake Divine. Divine alipokuwa msichana mkubwa, yapata miaka tisa sasa, nyuma ya soko la Kamembe alifungua kibanda cha mutobe, yaani maji matamu ya ndizi mbivu yasiyolewesha. Ndizi zake zilitoka Rwimbogo, akazivundika shimoni siku nne, kisha akazikamua kwa nyasi mpaka mikono ikamlegea. Wachuuzi wa Bukavu walipomaliza shughuli zao sokoni walipita kwake kukata kiu kabla ya kuvuka daraja la mpakani kurudi kwao. Mutobe wake ulisifiwa ng'ambo zote mbili, naye sifa hizo alizipenda, tena sana.

Sasa, katika nchi hiyo mtu mwenye akili zake hapokei kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake. Sumu inaogopwa kuliko radi. Kuonja huko huitwa kusogongera: mwenyeji hunywa funda la kwanza, mgeni akaona, moyo ukatulia. Thacienne alisogongera kila kopo lililotoka mkononi mwake. Na alipokuja Mzee Mulume, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mtu mwenye shaka hata na kivuli chake, funda moja halikutosha.

"Maman, rudilia," alikuwa akisema, akikodoa macho. "Ya kwanza sikuona vizuri."

Naye Thacienne alikuwa akicheka na kuonja tena. Mteja ni mteja.

Mwaka jana mwili wake ulianza kumgeuka. Kiu ilimshika asubuhi na haikumwachilia. Akawa anakwenda msalani kila mara mpaka majirani wakamtania kwamba amepanga chumba huko. Alikonda, nguo zikamning'inia, na maandishi ya Biblia yakawa ukungu mtupu. Alipojikwaa kwenye jiwe na kuumia kidole gumba cha mguu, kidonda kilikaa mwezi wa kwanza, kikakaa na wa pili, wala hakikuonyesha nia ya kufunga.

Watu hawana dogo. Wakanong'ona kwamba amelishwa sumu na washindani wake. Naye mwenyewe, Mungu amsamehe, aliamini, akanywa mizizi michungu ya kutapisha sumu mpaka tumbo likamkatika. Divine ndiye aliyemkokota hadi kituo cha afya.

Wakamtoboa kidole, wakapima damu. Sukari: mia mbili themanini na sita, na hapo hajatia kitu kinywani tangu jana yake, wakati ya mtu mwenye afya ni kama mia moja.

"Si sumu, Maman," daktari alimwambia kwa upole. "Ni ugonjwa wa sukari. Kiu, kukojoa, kukonda, macho, kidonda, yote ni huo huo. Ukitumia dawa na kula vizuri utaishi nao. Lakini sukari isiposhuka, kidole hiki tutakikata. Na huenda kisiwe kidole tu."

Thacienne aliutazama mguu wake. Ulikuwa mguu uliovuka daraja la Rusizi na mtoto mgongoni. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Alipelekwa kwa Nishimwe, mtaalamu wa lishe, msichana wa umri wa Divine. Nishimwe alimchorea sahani: nusu yake iwe mboga, dodo, yaani mchicha, au kabichi, robo iwe maharage au samaki, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, viazi au ndizi, isizidi ngumi yake. Chai bila sukari. Soda ni mwiko.

Na alitii, tusimwonee! Bonge lake la ugali wa muhogo, lililokuwa kama kichwa cha mtoto, likawa ngumi. Akala dodo na sambaza, wale dagaa wa kwao, akameza vidonge kwa saa. Mutobe nao akauacha. Hakujimiminia hata kopo moja. Jioni alitembea mpaka kituo cha mabasi na kurudi, akichechemea.

Mwezi ukapita. Akapimwa: mia mbili sabini na tisa.

"Maman, unanificha kitu," Nishimwe alisema. "Unakunywaka nini?"

"Maji! Maji tu! Mi ni muntu wa kanisa, mtoto wangu, siwezi kukudanganya ju ya sukari."

Machozi yalimtoka, ya uchungu na ya hasira. Ukweli ni kwamba hakuwa akidanganya. Nishimwe aliliona hilo usoni mwake, akaona afadhali akamtazame kazini kwake.

Alifika siku ya soko, akakaa kwenye benchi pembeni. Wateja walikuwa wengi. Thacienne akamimina, akaonja, akatoa. Akamimina, akaonja, akatoa. Baada ya mteja wa saba Nishimwe alisimama.

"Maman, na hiyo?"

"Hiyo nini?"

"Hiyo unayokunywa."

Thacienne alishangaa kwa dhati. "Hiyo si kunywa, binti yangu. Hiyo ni kusogongera. Ni heshima."

Nishimwe hakubishana. Aliomba chupa mbili tupu za lita moja na nusu. "Leo usionje wewe. Kila kopo, funda lako litie humu, kiasi kile kile. Watu wakiuliza, sema ni mimi nimeamuru."

Wateja walinung'unika, lakini walipoliona koti lake jeupe la kazini wakavumilia. Jua lilipoanza kushuka, chupa ya kwanza ilikuwa imejaa hadi shingoni na ya pili imefika nusu. Thacienne aliziinua, moja kila mkono. Lita mbili na zaidi! Kila siku ya soko, miaka tisa!

"Ole wangu," alisema. "Hii yote ilikuwa inaingia tumboni mwangu?"

"Yote, Maman. Na mwili hauna habari kama ni heshima au ni kiu."

Divine alijitolea kuonja badala yake. Thacienne aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Niuponye mguu wangu kwa mguu wako? Hapana!" Ila kuacha kuonja kulikuwa na bei yake: huyo huyo aliyevumishiwa sumu, sasa akatae kinywaji chake mwenyewe? Kibanda kingefungwa kabla ya Jumapili. Alikaa na mawazo hayo, huku mguu ukimpwita, akaamua kusema kweli hadharani, liwalo na liwe.

Kesho yake aliingia Mzee Mulume, kibanda kikiwa kimejaa. Thacienne akamimina kopo, akaliweka mbele yake, akarudisha mikono kifuani.

"Papa, leo sisogongeri. Niko na ugonjwa wa sukari. Nikionja kila kopo, watanikata mguu."

Mama mmoja aliweka kopo lake chini, akachukua kikapu chake akatoka. Mzee Mulume alilitazama kopo, akaitazama bendeji ya kidoleni, akalitazama kopo tena.

"Ngoja," alisema polepole. "Miaka yote nilikuwa nakuambia rudilia, rudilia... ile yote ilikuwa inakudhuru?"

"Yote, Papa."

Mzee alijipiga paja. "Eeh, Yezu wangu! Mi nilikuwa naogopa sumu yako, kumbe mi njo nilikuwa nakulisha sumu!"

Akanyanyua kopo. Akalinusa kwanza, tusiseme uongo, maana hofu ya miaka sitini haitoki kwa siku moja. Akanywa funda kubwa, akafuta midomo, akawageukia wenzake.

"Munanitazama nini? Kunyweni! Nikianguka, mutamwambia bibi yangu nilikufa na utamu mudomoni."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na makopo yakainuliwa.

Tangu siku ile, katika kibanda kile mteja ndiye anayejionjea. Wapo waliohama wasirudi, na Thacienne aliwalilia kidogo. Wengi walibaki. Yeye aliendelea na vidonge vyake, sahani yake na maji yake, siku baada ya siku, pasipo muujiza wowote. Mwezi wa kwanza sukari ikashuka hadi mia mbili kumi. Wa pili, mia moja sitini na tano. Wa tatu, mia moja ishirini na nane, na kidonda kikafunga ngozi. Daktari alimwambia avae viatu, aende nyumbani na vidole vyake vyote kumi.

Alirudi kwa miguu, Divine pembeni yake, akilia na kucheka kwa pamoja. Mafunda madogo madogo yalikaribia kumlemaza, na siku ndogo ndogo za kujizuia zikamponya: hakika, haba na haba hujaza kibaba.