Kidani cha Dubai

Bi Kauthar, tajiri wa mtaa, alinyakua kimoja kati ya vidani viwili pacha mezani kwa Mishi, binti aliyeanza juzi kuuza shanga alizotunga mwenyewe.

"Hiki silipi. Nitakutangaza harusini."

"Wakikuuliza, utasema kakitunga Mishi?"

"We mtoto, nishasema."

Harusini wanawake walimzunguka Kauthar, wakimuuliza kidani kakipata wapi.

"Cha Dubai, shoga. Mji huu hamna cha pili."

Mishi alimsikia, akatoka. Alirudi uani akimvuta punda wa muuza maji, kidani cha pili kikining'inia shingoni mwa mnyama.

"Kauthar," shoga yake mmoja akauliza, "na punda naye kaenda Dubai?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Hana adabu mtoto huyu!" Kauthar akafoka. "Vyote viwili kavitunga yeye, kwa mikono yake!"

"Ahsante, mama," akasema Mishi, "kwa kunitangaza."