Lubaba na Wivu Wake

Husimuliwa kwamba katika vitongoji vya Basra aliishi mja mwema, Shuaibu bin Laithi, msema kweli ambaye hata kadhi alipokea ushahidi wake bila kumwapisha. Mola alimruzuku binti, Lubaba, na baada ya miaka sita akamruzuku mtoto wa kiume. Nyumba ikajaa furaha.

Lakini Lubaba alikuwa akimfinya nduguye kwa siri. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kilikuwa cha mtoto mchanga mwenyewe! Shuaibu akaona aibu: husuda ndani ya nyumba yake? Akamwamuru binti kila asubuhi aseme, "Nampenda ndugu yangu." Lubaba alikuwa akisema vizuri kabisa, kisha huenda kumfinya. Hatimaye Shuaibu akaazimia kumpeleka akakae kwa shangazi yake, safari ya siku tatu.

Mkewe, Bibi Rumana, akamwambia kwa upole, "Bwana wangu, wewe huwezi kushuhudia usilolijua. Mbona mwanao unamshuhudisha lisilo moyoni mwake?"

Neno hilo lilimchoma. Akainama, akamwomba Mola msamaha, kisha akampakata binti yake.

"Sema kweli, mwanangu. Sitakupiga."

Lubaba akamtazama sana. "Simpendi, baba. Tangu aje, hunibebi tena."

Shuaibu machozi yakamlengalenga. "Huo unaitwa wivu, mama. Hata mimi ulinipata nilipokuwa mdogo. Wivu kukujia si dhambi. Kumfinya ndugu yako ndiyo makosa. Ukikujia, njoo uniambie, popote nilipo."

Hazikupita siku mbili, Shuaibu akiwa amekaa na masheikh wageni, Lubaba akaingia mbio. "Baba, wivu umekuja! Lakini sijamfinya!"

Wageni wakakodoa macho. Shuaibu alitamani ardhi immeze, lakini ahadi ni deni. Akawataka radhi, akainuka, akambeba binti yake begani, wakazunguka ua mpaka Lubaba akacheka. Safari ya kwa shangazi haikutajwa tena.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akamuuliza, "Je, ndugu yako unampenda?"

Lubaba akafikiri. "Kidogo, baba."

Shuaibu akasujudu kushukuru, maana hicho kidogo kilikuwa cha kweli.

Nasi wazazi, ni mara ngapi tumewafundisha watoto wetu uongo tukidhani tunawafundisha mapenzi? Mola atujaalie subira ya kungoja kidogo chao kiwe kingi.