Unyayo wa Zuleha

Watu huamini macho yao kuliko maumivu ya mwenzao. Jeraha likifunga, husema yamekwisha. Ndiyo maana wahenga walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Pale Katonga, ufukweni mwa ziwa, wanawake wanaoanika dagaa walikuwa wamelisahau onyo hilo, mpaka Zuleha alipowakumbusha kwa unyayo wake.

Zuleha wa mtaa wa Kasingirima alikuwa mchapakazi kama siafu. Miaka mingi kinundu cha kidole gumba cha mguu wa kulia kilimtesa na kumtobolea viatu, hata akakubali kupasuliwa. Kinundu kikaondoka, kidole kikanyooka, kovu likabaki jembamba kama uzi wa wavu.

Kumbe maumivu hayakwenda mbali. Yalihama nyumba tu. Kila alipokanyaga, chini ya kidole cha pili palichoma kama amekanyaga kokoto la moto. Na kichanja cha dagaa kinataka mtu anayechuchumia, maana dagaa wa katikati huwafikii kuwageuza mpaka usimame kwa vidole.

Kikundi chao kilikuwa na sheria, iliyotungwa kwa ajili ya waliokatwa na visu: jeraha likifunga, mtu arudi kazini, na dagaa wake wakioza mara tatu, kichanja apewe mwingine. Dagaa wa Zuleha walikwisha kuoza mara mbili.

"Shoga, kovu lenyewe hata inzi halitazami," Mwanakombo, mwanakikundi mwenzake, alimchokoza mbele ya watu. "Au daktari alitoa kinundu akaweka uvivu?"

Wakaangua kicheko. Zuleha naye akacheka. "Angeniwekea ulimi wako, ningegeuza dagaa bila kuchuchumia!"

Hata hivyo alirudi hospitali. Elinipa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyehamia kutoka Upare, akaushika ule mguu kwa makini.

"Mama, mfupa umeunga vizuri. Ila gumba limefupika kidogo, halibebi tena mzigo wake, anaubeba jirani. Huwatokea baadhi ya waliopasuliwa." Akambandikia sponji ndani ya kiatu, nyuma kidogo ya panapouma. "Na usichuchumie kabisa."

Kutochuchumia! Si ndiyo kusema kwaheri kichanja? Zuleha hakulia. Jioni ile alikokota mbao za mtumbwi mkuukuu mpaka mwaloni, penye vichanja vyao, akazipanga juu ya mawe kando ya kichanja chake.

Asubuhi Edina, mwenyekiti wao, akaja na Mwanakombo kukagua dagaa wa mara ya tatu. "Mdogo wangu, sheria tuliitunga sote," alisema kwa unyonge.

"Naijua, dada. Siombi huruma. Njooni majini kwanza."

Akavua viatu, akapiga hatua nne kwenye mchanga uliolowa, ameuma meno. Nyayo za kushoto zilikuwa nyayo za kila mtu. Za kulia, gumba lilikuwa limedonoa mchanga kama kuku, na chini ya kidole cha pili pamechimbika shimo, maji yakijaa.

Mwanakombo akakanyaga kando, akalinganisha. Kisha akainama, akatia kidole kwenye shimo lile.

"Uzito wote uko hapa?"

"Wote."

"Na umesimama hapa wiki zote hizi, sisi tunakucheka?"

"Ningesimama wapi, shoga?"

Mwanakombo akampangusa mchanga unyayoni. Zuleha akavaa viatu vyake, akapanda juu ya mbao, visigino vimetulia, akanyoosha mkono mpaka katikati. Akageuza. Akageuza tena. Jua lilipokaza, dagaa wake walikuwa wamekauka wote, wanang'aa kama sindano mpya.

Edina akawaita wanachama wote. "Kuanzia leo hatuliulizi kovu. Tunamuuliza mwenye mguu."

"Na mbao tuweke kila kichanja," akadakia Mwanakombo, akishika kiuno. "Mnadhani mimi napenda kuchuchumia?"

Kicheko cha safari hii Zuleha alikiongoza mwenyewe, kutoka juu ya mbao zake. Hakika, mwenye kovu usidhani kapoa.