Usimtandikie Mgeni Mawe ya Msingi

“Kwani wageni ndio watakaosoma?”

Swali hilo aliliuliza jirani yangu Nakijwa, miaka mingi iliyopita, amesimama kwenye mteremko wa kanisani na jiwe kichwani. Kutokana na swali lile tulikuja kupata methali mnayoniuliza ninyi wasichana: Usimtandikie mgeni mawe ya msingi.

Mnasema mwalimu wenu wa hesabu amewatupia methali hiyo leo, alipowakuta mnaimba saa ya prepo, saa ya kujisomea, akaenda zake bila kuwaeleza. Nanyi mmekuja kwangu kuazima kanga za kwaya, maana wageni wa ng'ambo wanafika Jumapili. Kanga nimeshawapa. Niwaeli, wewe ndiye dada mkuu, zipakate hapo, na wenzako wakae mkekani. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo, hapo yalipo madarasa yenu palikuwa magugu na mashimo ya fuko. Sekondari ilikuwa moja, kule chini tambarare. Msichana aliyefaulu alikwenda kupanga chumba huko, ajipikie, ajilinde mwenyewe. Wengi walirudi milimani kabla ya kumaliza, wengine na mimba, na wazazi wakakata tamaa ya kuwapeleka.

Nakijwa alikuwa na binti mmoja, Mkunde. Alipofaulu darasa la saba, baba yake mdogo alipanda kutoka mjini kuja kumchukua, akafanye kazi za ndani kwa tajiri wake. Baba wa mtoto alikuwa hayupo duniani, kwa hiyo neno la yule bwana lilikuwa zito. Nakijwa akamsihi mbele yangu.

“Shemeji, wageni wanakuja kuona msingi wa shule. Wakiukuta, shule itajengwa, na Mkunde atasoma hapa hapa kwenye macho yangu. Wasipoukuta, basi, mchukue.”

“Wasipoukuta, siku hiyo hiyo,” akasema shemeji yake.

“Siku hiyo hiyo.”

Mimi nilisema amina, lakini moyoni nilibaki nikimwomba Mungu.

Wageni wenyewe walikuwa Wakristo wa ng'ambo, usharika rafiki wa usharika wetu. Walikuwa wamepatana na wazee wa kanisa kwamba sisi tuchimbe mtaro wa msingi na kuujaza mawe, nao wakishauona watoe saruji, mbao na mabati. Basi pembe ikalia. Hapa Upare pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia hukai nyumbani. Kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa mbuzi. Hivyo ndivyo baba zetu walivyochimba mifereji ya maji. Kwangu mume alikuwa ameshatangulia mbele za haki, basi mtu wa nyumba nikawa mimi. Tulitoa mawe mtoni, ngata kichwani, tukipanda huku tunaimba. Lundo likakua mpaka mbuzi wakawa wanacheza juu yake.

Kisha mvua ikafungulia. Mto ukafurika, na mteremko wa kanisani ukawa uji. Lori la muuza tangawizi likateleza likaingia shimoni kando ya barabara. Mwenyekiti wetu, Mzee Mrindoko, aliliona lori lile akakosa raha. Alikuwa mtu mzuri, ila aliogopa aibu kuliko alivyoogopa njaa. Akatukusanya.

“Jamani, wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa huyu mgeni tumtie kwenye matope? Kesho ng'ambo waseme Wapare ni watu gani?”

Watu wakaguna, wakaona ana haki. Pembe ikalia tena. Safari hii tulitoa mawe kwenye lile lundo na kuyatandika barabarani, moja baada ya jingine, kutoka chini mpaka mlango wa kanisa. Hapo ndipo Nakijwa alipouliza swali lake. Akaongeza:

“Na mto umejaa, mwenyekiti. Mengine tutayatoa wapi?”

“Mama Mkunde, tandika hilo jiwe. Mawe hayaozi.”

Akalitandika. Msaragambo haubishwi.

Wageni walifika. Gari lilipanda ule mteremko kama linavutwa kwa kamba, na Mzee Mrindoko akasimama pale juu na suti yake, anang'aa. Kwaya ikaimba, makande yakaliwa, kuku wakaliwa. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye mvi aliyeitwa Ingridi, akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa barabara. Kisha akasema, na mchungaji akatafsiri:

“Sasa tupelekeni tukauone msingi.”

Nyuso zote zikainama. Mzee Mrindoko akawa anatazama viatu vyake. Kule kiwanjani palikuwa na mtaro mtupu uliojaa maji, na vyura.

“Mwambieni ameshaupita,” akasema Nakijwa kutoka nyuma. “Ameupanda na gari.”

Mchungaji alisita, kisha akatafsiri. Yule mama hakukasirika. Alisogea dirishani, akaitazama barabara.

“Barabara kwetu tunazo,” akasema. “Walionituma ni watu wa kawaida. Wameuza keki, wamefuma soksi, kwa ajili ya wasichana wenu. Nikirudi niwaambie nimeona nini?”

Akaahidi kupita tena mvua zikikatika, na gari likashuka kwenye mawe yetu, taratibu, bila hata kuteleza.

Vumbi la maneno halijatua, shemeji yake Nakijwa akasimama.

“Shemeji, umesikia mwenyewe.”

“Wamesema watarudi.”

“Tulisemaje? Siku hiyo hiyo.”

Nakijwa alikuwa mwanamke wa kutimiza neno lake. Mkunde alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Baba yake mdogo akaupokea, wakatoka, na sisi tukasimama mlangoni kuwasindikiza kwa macho. Hakuna aliyeweza kumtazama mama yake.

Walipofika katikati ya mteremko, Mkunde akasimama. Akainama. Akachomoa jiwe barabarani, akalifuta tope kwa upindo wa gauni, akajitwika, akaanza kupanda kurudi. Akatupita pale mlangoni bila kututazama, akaenda mpaka kiwanjani, na tukalisikia likitumbukia mtaroni.

Akarudi kuchukua la pili.

Mzee Mrindoko akavua koti la suti, akalitundika kwenye mwiba wa ua. Akauliza kwa sauti ndogo, “Mtaimbo uko wapi?”

Siku ile pembe haikulia, na hakuna nyumba iliyokosa mtu. Hata wale waliokula kuku wakashiba waliinama. Baba mdogo alibaki amesimama njiani na mfuko wa rambo mkononi, watu wakimpishana, mpaka Mzee Mrindoko akamwambia:

“Bwana mdogo, kama huna kazi, mawe yapo.”

Alichelewa kidogo. Kisha akaweka mfuko chini. Jioni alimwambia Nakijwa kwamba tajiri wake atatafutiwa mtu mwingine.

Mvua zilipokatika, Mama Ingridi alirudi. Gari lilikwama chini kabisa, akapanda kwa miguu mpaka kiwanjani, tope limefika magotini, kiatu kimoja kakishika mkononi.

“Ile barabara nzuri imekwenda wapi?” akauliza, anahema.

“Ndiyo hiyo umesimama juu yake, mama,” akajibu Mzee Mrindoko, akamwonyesha msingi.

Mchungaji alipotafsiri, yule mama alicheka mpaka akakaa chini, pale pale juu ya mawe. Saruji ikaja, na mbao, na mabati. Vyote tulivipandisha kichwani, kwa kuwa lori halikuweza kupita, na sikumsikia mtu akilalamika.

Tangu hapo, kila kikao cha shule, mtu akisimama kutaka makuu kwa ajili ya wageni, Mzee Mrindoko alikuwa anagonga fimbo yake chini na kusema yale maneno mliyotupiwa leo. Alisema yeye ana haki ya kuyasema kuliko wote. Mwaka tulipomzika, kijiji kizima kilikuwa kimeshayakariri.

“Bibi,” akauliza mmoja wao pale mkekani, “huyo Mkunde alisoma kweli?”

Nikawaambia, alisoma. Alikaa dawati la mbele, darasa la kwanza kabisa lililopata bati. Na leo mchana ndiye aliyewakuta mnaimba saa ya prepo.

Wakatazamana. Nikawauliza nami, mtihani wa taifa ni lini? Wakasema uko mlangoni. Na prepo mmeacha tangu lini? Kuimba ni kuzuri, wanangu, na Mungu hupenda kuimbiwa, na mgeni ni baraka. Ila usimtandikie mgeni mawe ya msingi.

Niwaeli aliinuka. Akazikunja kanga vizuri, moja juu ya nyingine, akaziweka kwenye kiti changu, akatoka kwenda kusoma.