Vijiko Vitatu vya Kabula

Paukwa.

Pakawa.

Wa mlangoni sogeeni ndani, hadithi haipendi upepo.

Zamani palikuwa na kijiji, na kijijini shule ya sekondari moja. Madarasa manne, ofisi moja, jiko moja. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli. Asubuhi nge, nge, nge: wanafunzi wanajipanga mstari. Mchana nge, nge, nge: foleni ya makande. Wengine walitoka ng'ambo ya mto, saa mbili kwa miguu.

Mpishi alikuwa Bibi Nyamizi. Hakujua kusoma. Kando ya sufuria aliweka bungu la udongo, na kila aliyepakuliwa alirudisha humo chakula kidogo, kijiko kimoja kwa kila mwaka ambao amekula katika jiko lile. Kidato cha kwanza kimoja: ko. Cha pili viwili: ko, ko. Cha nne vinne: ko, ko, ko, ko. Masomo yakiisha, wa ng'ambo ya mto walikula cha bunguni ndipo wakashika njia.

"Bibi, mbona sisi wakubwa tunatoa zaidi?"

"Mmenimalizia kuni zaidi."

Basi mwaka mmoja mchwa waliingia katika kabati la mwalimu mkuu, Mwalimu Kasanda. Krr, krr, krr. Wakala madaftari ya mahudhurio, ya miaka yote minne. Mwalimu aligundua Jumatano. Alhamisi akaja mkaguzi wa mitihani, Bwana Lugendo. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Jumatatu.

"Daftari, Mwalimu."

Mwalimu Kasanda akamwonyesha vumbi.

"Kuna shule zimeingiza watu baki wawafanyie wanafunzi mtihani," alisema Bwana Lugendo. "Kila moja ilikuwa na kisa chake. Moja panya, moja moto. Nyinyi mchwa. Sina ushahidi kwamba hawa thelathini na mmoja wamesoma hapa. Siandiki jina hata moja."

"Kwa hiyo wasubiri mwakani?"

"Wasubiri."

Mwalimu akakaa. Alijua mwaka mmoja hufanya nini kijijini. Wasichana wangeozwa. Wavulana wangekabidhiwa ng'ombe. Wangerudi wangapi?

Bibi Nyamizi alikuwa amefika mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba, umekula?"

"Sikuja kula, mama."

"Basi njoo ukae tu. Tazama bungu, uhesabu vijiko."

Akamweleza desturi ya pale. Bwana Lugendo akamkazia macho.

"Umeshawaambia nimekuja?"

"Wako darasani. Kengele ile pale, kagonge mwenyewe."

Akaenda akagonga. Nge, nge, nge. Akarudi akakaa nyuma ya magunia ya mahindi.

Wadogo walitangulia. Ko. Ko. Ko. Wakaja wa kidato cha pili, wakaja wa cha tatu. Halafu wa cha nne. Ko, ko, ko, ko. Ko, ko, ko, ko.

"We Masele, kijiko chako kina tundu?" aliuliza msichana wa nyuma yake.

"Ng'washi, hesabu vyako."

"Masele, jaza," alisema Bibi bila kuinua kichwa.

Bwana Lugendo alihesabu. Wanafunzi thelathini wa kidato cha nne, kila mmoja vinne. Akaja wa mwisho, msichana aitwaye Kabula. Ko, ko, ko. Akaondoka na sahani yake.

Bwana Lugendo akasimama.

"Wewe, rudi. Kidato cha ngapi?"

"Cha nne."

"Umetia vijiko vingapi?"

"Vitatu."

Mwalimu Kasanda, aliyesimama mlangoni, alifumba macho.

"Ongeza kimoja, Kabula," alinong'ona Masele.

Kabula hakuongeza.

"Tulipokuwa kidato cha pili mama aliugua," alisema. "Nilimuuguza mwaka mzima. Mwalimu alinipa ruhusa. Ng'washi alikuwa ananiletea madaftari nyumbani, nakuja shuleni siku za mitihani tu. Chakula cha hapa sikula mwaka ule."

"Ungetia vinne, nisingekuuliza kitu."

"Lakini sikula."

Bwana Lugendo akamgeukia Bibi Nyamizi. Bibi alikuwa akikwangua sufuria, kwaru, kwaru.

"Mama, kama ungekuwa umewafundisha, huyu naye angetia vinne."

"Na Masele angejaza."

Mkaguzi alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Akavuta kigoda, akatoa kalamu.

"Tuanze na huyu wa vitatu. Jina kamili."

"Kabula Shija."

Akaandika. Akaandika la Ng'washi, akaandika la Masele, akaandika yote thelathini na moja palepale jikoni, huku makande yakipoa. Mwalimu Kasanda alikwenda nyuma ya madarasa, akakawia kidogo, akarudi amenawa uso. Bibi Nyamizi akampakulia mkaguzi.

Safari hii alikula. Jumatatu wote thelathini na mmoja waliingia chumba cha mtihani.

Wasikilizaji wangu, jambo jema lifanye hata siku usiyotazamwa. Siku utakayotazamwa, litakusemea.

Ngano yangu naitua hapo.