Mfereji wa Sultani na Chumba cha Bi Mize

Hapo zamani, kabla babu zetu hawajapewa majina, ulikuwako mji ambao Sultani wake hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kuachia kitu. Babu yake alichimba mfereji wa kuleta maji kasrini, akapiga marufuku mtu kujenga juu yake au kutia kiatu katika maji yake. Baadaye chemchemi ikakauka na mfereji ukajaa mchanga, lakini marufuku ikabaki palepale; ikawa mji mzima umekatwa na ukanda mtupu usiomfaa mtu, labda mbuzi.

Ukanda huo ulipita katikati ya kiwanja cha Bi Mize, mjane fukara muuza vitumbua, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa kila aliloambiwa alilishika kama lilivyo. Bintiye, Rehani, alikuwa ameposwa, na desturi ya mji ule bwana arusi huhamia kwa mkewe. Mama asiye na chumba cha kumpa bintiye hana arusi. Wakwe walikwisha kuanza kununa. Bi Mize aliona uchungu sana, akajitanda kanga, akaenda barazani.

"Maulana, niachie ule ukanda nijenge chumba kimoja. Maji hayapiti tena."

Sultani akakunja uso. "Nani wewe hata useme maji ya babu yangu hayapiti? Niletee shahidi ambaye hakuna awezaye kumpinga mjini humu, aseme mbele ya kadhi kwamba mferejini hamna maji. Ukimpata, jenga. Usipompata, usirudi hapa."

Basi Bi Mize akazunguka mji. Imamu akasema ana mafua, matajiri wakasema wana safari, na kila mtu akashika shingo yake.

Ikawa siku ya Idi, msafara wa Sultani ukatoka kwenda msikitini, kadhi akiwa ubavuni pake. Walipofika njia inapokata mfereji, wakamkuta Bi Mize amepandisha kanga magotini, mbele yake beseni kubwa la kufulia.

"Maulana, usitie kiatu majini, ni amri ya babu yako. Panda humu nikuvushe."

Watu wakauma midomo. Sultani akalitazama beseni, akalitazama joho lake jipya.

"Una wazimu wewe? Nivushwe nini? Hapa hamna maji hata tone."

"Una hakika, Maulana? Maana mimi nilisema hivyohivyo nikakemewa."

"Nina macho, bibi. Hamna maji."

Bi Mize akamgeukia kadhi. "Bwana kadhi, shahidi wangu umemsikia. Kama yuko wa kumpinga, na ajitokeze."

Kadhi akainamia viatu vyake. Uso wa Sultani ukaiva kwa haya, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata kilemba kikamlegea. Palepale akaamuru kila mtu ajitwalie kipande cha mfereji kinachopita kwake. "Nawe bibi, nikuongeze nini?"

"Mawe ya kingo zake, Maulana. Ardhi nimepata, kuta sina."

Akapewa, chumba kikasimama, Rehani akaolewa. Na kwa jinsi wajukuu walivyojaa chumbani mle, hata mimi msimulizi sina pa kukaa, basi naenda zangu.